Ndege wa Chini ya Dirisha

Ndugu zangu, kabla sijakusimulieni ugonjwa, nataka kwanza mnijue nilivyokuwa mzima. Mtu akisimuliwa maradhi tu, anaishia kumwona mgonjwa, na mie sikuzaliwa mgonjwa.

Naitwa Zamzam. Wazee wangu walitoka Unguja nikiwa mtoto wa kubebwa. Nimekulia Maskati, nimeolewa Maskati, na nyumba yetu iko Mabela, ina hoshi ndogo mbele, yaani ua, mkunazi mmoja na mndimu ambao mume wangu Khalfan anaupenda kuliko baadhi ya jamaa zake. Kazi yangu ni kufundisha wanawake kuendesha gari. Nimefundisha wasichana waliotoka chuo, nimefundisha mabibi wenye wajukuu, nimefundisha mama na bintiye katika mwezi mmoja. Mwanamke akija kwangu anatetemeka, simwambii asiogope. Namwambia, "Ogopa, lakini washa gari."

Kutwa nzima nilikuwa nimekaa kiti cha pembeni, mguu wangu wa kulia juu ya breki ya pili, ile iliyofungwa upande wa mwalimu. Mguu ule ulikuwa na akili zake. Mara nyingi ulikanyaga kabla kichwa changu hakijajua kuna nini. Nilikuwa na sauti kubwa, mwili mkubwa, na afya niliyoichukulia kama haki yangu.

Ugonjwa ulianza kama si kitu. Mwishoni mwa joto niliharisha siku kadhaa. Nyumba nzima tuliharisha, tukalaumu kuku tuliyemla barabarani, tukanywa maji ya chumvi na sukari, tukapona. Mimi nikarudi kazini.

Baada ya hapo, vidole vya miguu vikaanza kunichoma kama vinafinywa na viatu. Nikabadilisha viatu. Ganzi ikapanda kwenye nyayo. Nikitembea bila viatu nahisi kama nimevaa soksi nene. Mgongo nao ukaniuma, maumivu ya ndani ambayo hayapungui ukikaa wala ukilala. Nilikwenda kliniki moja ya jirani, daktari akanambia ni uchovu, akanipa vitamini. Sikumlaumu. Hata mie nilidhani ni uchovu.

Siku iliyonifumbua macho nilikuwa Wattaya, karibu na maduka ya magari, na mwanafunzi wangu Shamsa. Gari la mbele likasimama ghafla. Nikakanyaga breki yangu. Yaani, niliuamrisha mguu ukanyage. Mguu ulishuka taratibu, mlegevu, kama wa mtu mwingine, ukagusa pedali ukaishia hapo. Shamsa ndiye aliyekanyaga, kwa nguvu zake zote, na tukasimama tukikaribia kubusu gari la watu.

Akanigeukia. "Mwalimu, umeniachia makusudi?"

Nikamwambia, "Ndiyo, nilikuwa nakujaribu. Umefaulu." Lakini jasho lilikuwa linanitoka mpaka chini ya mtandio. Nikamwambia aegeshe. Nikafungua mlango nishuke, nikaweka miguu chini, na magoti yote mawili yakakunjika. Nilikaa chini kwenye lami ya Wattaya, mchana kweupe, watu wananitazama, na Shamsa ananivuta mkono huku analia.

Khalfan alikuja kunichukua. Huyu ni mtu mpole, mstaafu wa serikali, mwenye mwendo wa kupima. Siku hiyo aliendesha kama mwizi. Nilitaka kumsema kuhusu taa nyekundu moja, nikamwacha.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda choo, na sikuweza kuinuka. Nakwambieni wazi, kwa sababu ugonjwa huu hauna staha. Nilikaa pale nikiwaita. Khalfan alinishika kwapa moja, binti yetu Thuweyba akanishika la pili, na walinitoa chooni mie, mama wa amri zote, nguo zangu zikiwa magotini. Thuweyba alinistiri bila kunitazama usoni. Hapo nikajua kuwa hili si jambo la vitamini.

Hospitali kubwa tulipokelewa na daktari kijana, mwanamke, msemaji wa taratibu. Alinigonga goti kwa kinyundo. Goti halikuruka. Akagonga la pili. Kimya. Akagonga kiwiko. Kimya vilevile. Akaacha kinyundo akavuta kiti, akakaa. Daktari akivuta kiti, jiandae.

"Bi Zamzam," akanambia, "vuta pumzi, kisha nihesabie kwa sauti bila kuvuta nyingine, mpaka uishiwe."

Nilihesabu nikafika mbali. Jioni akarudi na swali lile lile, na sikufika hata kumi.

Walinichoma sindano ya mgongo kuchukua maji ya uti. Kisha daktari akatueleza. Ugonjwa unaitwa Guillain-Barré, hutamkwa kama giyan-bare. "Kinga ya mwili wako ilikwenda kupigana na vijidudu vya tumbo," alisema. "Vita vimekwisha, lakini askari hawajarudi kambini. Sasa wanashambulia mishipa yako ya fahamu. Inaanzia miguuni, inapanda."

Nikamuuliza, "Ntapona?"

"Wengi wanapona," akasema. "Lakini sikufichi. Kabla hujawa bora, utazidi kuwa mbaya."

Nilimshukuru kwa kauli ile. Mimi mwenyewe ndivyo ninavyowaambia wanafunzi wangu kuhusu barabara. Mtu akijua kona iko mbele, hata kama ni kali, anashika usukani vizuri zaidi.

Na ikawa kama alivyosema. Ganzi ikapanda mapajani, ikapita kiunoni, ikaingia mikononi. Kijiko kikanianguka. Uso ukalegea, nikashindwa kufumba macho, wauguzi wakawa wanayafunga kwa utepe ili yasikauke. Kumeza kukawa kazi, mate yakawa yananipalia. Halafu kifua kikachoka. Sijui namna ya kukuelezeni mtu kusahau kuvuta pumzi huku akili yake inakumbuka. Walinilaza, wakaniingiza mpira kooni, mashine ikaanza kunipumulia. Baadaye wakanitoboa tundu hapa mbele ya shingo, mpira ukapita hapo. Kovu ndilo hili. Siku hizi silifichi.

Walinitia dawa ya mshipani ya kuwatuliza wale askari. Nami nikalala, sioni ila dari, sijongei ila macho. Nilikuwa na mpira wa mkojo, mpira wa chakula puani, na mpira wa kunyonya makohozi, huo ambao kila ukiingia ilikuwa kama nazamishwa kisimani nikatolewa. Lakini sikieni jambo hili: akili yangu ilikuwa nzima, na masikio yangu mazima. Jamaa mmoja alikuja kunitazama, akasimama miguuni kwangu, akasema kwa huruma, "Maskini, huyu ndio kesha kwenda." Nilimsikia. Nilitamani kumwambia, kama mie nimekwenda, basi wewe unazungumza na nani?

Thuweyba hakuwahi kuzungumza nami kama maiti. Alikuja kila siku baada ya kazi, ananisimulia foleni ya barabarani, nani kakosea wapi, kwa sababu anajua ndiyo habari ninayoipenda. Na ndiye aliyeleta ubao wa herufi. Anapitisha kidole, mie napepesa jicho akifika herufi ninayoitaka. Siku ya kwanza Khalfan alisimama pembeni na leso mkononi, anangoja neno langu la kwanza. Nikapepesa: K. Nikapepesa: I. Nikapepesa: S.

"Kisu?" Khalfan akashtuka. "Thuweyba, mama yako anataka kisu?"

Nilikuwa nataka kusema kisigino. Kisigino cha kushoto kilikuwa kimelaliwa vibaya, ngozi imeanza kuchubuka, kinaungua kama kaa la moto. Walipofika mwisho wa neno, muuguzi akainua mguu akaweka mto, na nikahisi raha ambayo sijapata kuihisi hata siku ya harusi yangu. Msimwambie Khalfan, japo anajua.

Kama daktari alivyoahidi, ule ugonjwa ulifika kileleni, ukasimama, ukaanza kuteremka. Na uliteremka kwa njia ile ile uliyopandia, ila pole pole zaidi. Uso ulirudi kwanza. Kisha shingo. Kifua kikakumbuka kazi yake, mashine ikapunguzwa, ikaondolewa, tundu la shingo likafungwa. Sauti ilitoka kama mlango mkavu, lakini ilikuwa sauti. Mikono ikafuata, mikono ya mtoto, isiyojua kufunga kifungo. Miguu haikurudi. Ilikuwepo pale mwisho wa kitanda kama magunia mawili ya mchanga niliyowekewa na mtu.

Wakanirudisha nyumbani, na wakati huo ulikuwa umeingia majira ya baridi. Khalfan alinitandikia kitanda sebuleni, karibu na dirisha la hoshi. Dirisha lenyewe si refu, linaanzia usawa wa kifua cha mtu aliyesimama. Nikilala naona nusu ya juu ya mkunazi na kipande cha mbingu. Basi, hiyo ndiyo dunia yangu ikawa.

Mkunazi ulikuwa umezaa, na matunda yale yalileta ndege. Sikuwahi kuwatazama ndege maishani mwangu. Kwangu walikuwa kitu kinachochafua kioo cha gari. Sasa sikuwa na kingine. Walikuja mina, wale wa kahawia wenye miguu ya manjano, wagomvi, wanaingia mtini bila kumpisha mtu. Walikuja shore wenye mashavu meupe, wawili wawili. Pugi, wale njiwa wadogo, walikuwa wakitua katikati ya tawi na kusimama tu, wamesahau walikokuwa wanakwenda. Wanafunzi wa namna hiyo ninao wengi. Na kulikuwa na kidege kimoja, cheusi kifuani, chenye mkia mwekundu unaotetemeka kila kinapotua. Thuweyba alikitafuta kwenye simu yake akanambia huyo ni mgeni, anakuja kwetu kukimbia baridi ya nchi za kaskazini. Nikamwita Taa ya Breki.

Shingo yangu ilikuwa bado nzito. Lakini ndege haangoji. Ukitaka kumwona, geuka sasa. Nikawa nageuka.

Mara mbili kwa wiki alikuja Akinyi, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Ni Mkenya wa Kisumu, anaishi Ruwi, mfupi, mwenye mikono ya chuma na kicheko kinachotangulia mlangoni. Ananikunja miguu, ananinyoosha, ananikalisha, huku anahesabu kwa sauti ya mtu anayeuza kitu sokoni. Mie nalia, si uongo. Misuli ilikuwa imekauka, kuvutwa kwake kulikuwa kama kuraruliwa. Na mie nikilia, Khalfan anaingia.

"Basi, Akinyi, basi. Leo inatosha."

"Mzee, haijatosha."

"Nakwambia anaumia."

"Najua anaumia. Mimi ndiye ninayemuumiza," anamjibu, kisha wote tunacheka, na Khalfan anatoka nje hana raha. Mume wangu alinilisha, alininywesha, alinichana nywele, alinigeuza nisipate vidonda. Hakuniacha hata nishike kikombe mwenyewe. Mapenzi yake yalikuwa makubwa, na yalikuwa yananilaza.

Baridi ya Maskati mnaijua, ya kuvaa sweta asubuhi na kulivua adhuhuri. Mwaka ule ikaja ya namna nyingine. Upepo wa kaskazini ulianza kupiga, mvua ikanyesha siku hadi siku, mbingu ikawa ya rangi ya sufuria. Dada yangu Rayya, anayeishi Hamra huko chini ya Jabal Shams, akanipigia simu ya picha.

"Dada! Hebu tazama! Theluji!"

Akaigeuza simu, nikauona mlima umekuwa mweupe juu yote, na watu wamejifunga mablanketi juu ya kanzu, wanapiga picha. Magari yalikuwa yanapanda kutoka kila mahala, watu wazima wanarushiana theluji. Thuweyba alikuwa amesimama nyuma ya kitanda changu, anainamia simu aone vizuri.

Nikamwambia, "Nenda kwa mama yako mdogo. Kaione."

"Nikuache wewe, mama?"

"Mie siendi pahala. Nenda!"

Akaenda, na nyumba ikabaki na mie na Khalfan na ule upepo.

Sasa, upepo ulipozidi, mkunazi ukawa unayumba kama unapigwa, na ndege wakaukimbia. Nilifungua macho asubuhi nikaona matawi matupu. Nilihuzunika, hamwezi kuamini, kama mtu aliyehamwa na majirani. Kisha nikasikia sauti. Chini. Chini kabisa ya dirisha langu, nje, pale ukuta unapokata upepo. Walikuwa wamejikusanya hapo wote, wengi kuliko niliowahi kuwaona mtini. Nasikia mabawa, nasikia mina wanagombana, nasikia vidomo vinadonoa sakafu, nasikia sauti moja ambayo siijui ni ya nani. Na siwaoni. Nainua shingo, naona mvua tu. Nikijikalisha kwa mikono, naona ukuta wa jirani.

Akinyi alipokuja nilimwomba aniinue dirishani. Akatazama nje, akatabasamu, akarudi akakaa.

"Wako wengi sana. Ni wazuri mno," akasema.

"Niinue niwaone."

"Mimi sikuinui, Mama Thuweyba. Ukitaka kuwaona, utasimama. Yalla, tufanye kazi."

Nilimchukia siku ile nzima. Lakini tulifanya kazi, na sikulia.

Siku ya pili yake Khalfan aliingia jikoni kupika kahawa. Nje kukatokea vurugu: mina wanapiga kelele, mabawa yanapiga ukuta. Nikasema moyoni, labda paka. Nikateremsha miguu kitandani, mmoja baada ya mwingine, nikiibeba kwa mikono. Nikashika kizingiti cha dirisha. Nikavuta. Mwili ukainuka, wallahi uliinuka, kitako kikatoka kwenye godoro, na kwa kitambo cha kufumba na kufumbua nikaona ukingo wa hoshi. Kisha vidole vikateleza.

Nilianguka kwa magoti kwenye vigae. Khalfan alikuja mbio, birika mkononi, kahawa inamwagika kwenye zulia.

"Zamzam! Umevunjika? Umevunjika wapi?"

Nilikuwa nimelala ubavu, nacheka na kulia pamoja. "Linauma! Khalfan, goti linauma!"

"Linauma na unacheka?"

"Linauma lenyewe! La kulia! Nnalisikia!"

Miezi ile yote mtu angeweza kunigonga goti kwa jiwe nisijue. Sasa lilikuwa linapwita kama jino bovu, na sijapata kufurahia maumivu namna ile. Khalfan alikaa chini kwenye vigae pembeni yangu, akaweka kiganja juu ya goti, na mie nikamwambia, "Baridi. Mkono wako una baridi." Akainamisha kichwa. Mabega yake yakawa yanatikisika.

Lakini alipomaliza kulia, alikasirika. Alimpigia simu Akinyi, naye akaja kutoka Ruwi katika mvua ile, viatu vimelowa.

"Umemtia maneno kichwani na sasa ameanguka," Khalfan akamwambia. "Kama angevunjika nyonga?"

Akinyi kwanza alinipima viungo vyote, akaona ni uvimbe tu. Akashika wayo wangu. "Sukuma mkono wangu." Nikasukuma. Hakuna aliyeona kitu, ila yeye na mie tuliujua msukumo. Akageuka akatutazama sote.

"Mama Thuweyba, ulikosea. Hujaribu peke yako, khalas, usirudie tena. Na wewe mzee, samahani sana, nakuheshimu kama baba. Lakini unamfanyia kila kitu, na mwili wake umeelewa kwamba hauhitajiki. Nisaidie. Kesho nataka mikono yako, si huruma yako."

Nilidhani Khalfan atamfukuza. Akakuna ndevu, akauliza, "Mikono yangu niiweke wapi?"

Kesho yake bado mvua, bado upepo. Akinyi alinifunga mkanda mpana kiunoni, akaniwekea fremu ya kuegemea mbele yangu. Yeye akasimama mbele, Khalfan ubavuni.

"Usimvute," Akinyi akamwambia. "Mwachie ainuke. Mshike tu akitaka kuanguka."

Nilisukuma. Mapaja yalitetemeka mpaka fremu ikawa inagonga vigae. Jasho likanitoka katika baridi ile. Mkojo kidogo ulinitoka pia, na sikujali. Nikamsikia Khalfan anasema "Bismillahi" mara nyingi bila kupumua, na mikono yake iko wazi pande zangu, hainigusi. Magoti yakanyooka. Nilikuwa nimesimama kwa miguu yangu, na dirisha lilikuwa kifuani kwangu.

Nikatazama chini.

Walikuwa wamejaa. Shomoro wamejitutumua manyoya mpaka wamekuwa vidonge vya duara. Pugi wamebanana kwenye pembe ya ukuta. Taa ya Breki alikuwa peke yake juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkia unatetemeka. Na katikati yao hudihudi, na taji lake, anatembea kwa heshima kama mkaguzi. Yeye ndiye mwenye ile sauti nisiyoijua. Nilitazama mpaka macho yakaniuma, ndipo nikaona walichokuwa wanakula. Kando ya ukuta, mahali pasipofika mvua, palikuwa na sinia kuukuu la bati. Ndani yake mlikuwa na wali, na tende zilizokatwa vipande vidogo vidogo, na bakuli la maji pembeni.

Nikauliza, "Nani anawawekea tende?"

Akinyi akatazama dari. Khalfan akakohoa.

"Ulipokuja kutoka hospitali," akasema, "shingo yako ilikuwa haigeuki. Nikaona ndege akilia, unageuka. Kidogo. Basi nikaona, wakiwa karibu zaidi, utageuka zaidi."

Tende za kula wageni, ndugu zangu, za Khalfan mwenye kuhesabu ndimu zake mtini. Kila alfajiri akitoka msikitini alikuwa anapita pale kuwakatia ndege tende, na hakusema neno. Mtu huyu niliyemwona ananilaza, kumbe naye alikuwa ananivuta kwa njia yake. Nilitaka kumwambia kitu kizuri. Magoti yakaanza kulegea, nikasema tu, "Shika sasa," naye akanishika.

Tangu siku hiyo nilisimama kila siku. Upepo ulipokatika ndege wakarudi mtini, theluji ya Jabal Shams ikayeyuka, Thuweyba akarudi na chupa ya maji anayodai yalikuwa theluji. Mie niliendelea. Kusimama kukawa hatua, hatua zikafika mlangoni, mlango ukafika hoshini. Khalfan alijifunza kukaa na mikono yake magotini nikifunga vifungo vyangu, na ilikuwa kazi ngumu kwake kuliko kunifungia. Joto la mwaka uliofuata lilipoingia nilikuwa natembea na fimbo, na baridi iliporudi nilikuwa sina fimbo. Madaktari waliniruhusu kuendesha tena, nikapimwa upya kama mwanafunzi, na mtahini alikuwa mkali, nami nikampenda kwa ukali wake. Shamsa alikuwa tayari ana leseni, kwa mwalimu mwingine. Niliona wivu, nikampongeza.

Mwili haujarudi wote, sikufichini. Nyayo zangu bado zina ganzi. Nikichoka, mguu wa kushoto huburuta kidogo. Nafundisha asubuhi tu, nalala mchana bila kuona haya. Namshukuru Mwenyezi Mungu, kisha yule daktari aliyenambia ukweli, wauguzi walionigeuza, Thuweyba na ubao wake, Akinyi na mikono yake ya chuma, na Khalfan wangu.

Kwenu nyinyi nasema haya. Ganzi ikianza miguuni na inapanda, usingoje, usibadilishe viatu kama mie. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mgonjwa asiyejongea anasikia, basi chungeni ndimi zenu. Mnaouguza, mpeni mgonjwa kitu cha kukitaka, japo kiwe kidogo, kisha mwacheni akitafute. Na wewe uliyelala, ukiambiwa kwanza utazidi kuwa mbaya, msikilize mpaka mwisho wa sentensi, kwa sababu haiishii hapo.

Mwezi uliopita Akinyi alinipigia simu. Kijana mmoja wa kanisani kwao, jina lake Baraka, mpishi katika mkahawa wa Ruwi, amelazwa na ugonjwa huu huu. Mke wake yuko Kenya. Macho tu ndiyo yanayojongea. Akaniuliza kama naweza kwenda.

Niliendesha mwenyewe. Nilipita korido ndefu ya hospitali, nikasimama ubavuni pa kitanda, mahali ambapo macho yake yanafika. Nikamwambia, "Baraka, mimi naitwa Zamzam. Najua unanisikia. Mimi nililala hivyo hivyo, na mashine hiyo hiyo, na mpira huo huo." Nikateremsha mtandio nikamwonyesha kovu la shingo. Nikarudi nyuma hatua chache, nikatembea mbele yake, nikaenda mpaka ukutani nikarudi. "Nimekuja hapa kwa miguu hii," nikasema. "Nna haraka gani? Ntakaa nawe."

Machozi yakamtoka, yakateremka pembeni yakaingia sikioni. Najua yanavyowasha yakikaukia humo, na mtu hana mkono wa kuyafuta. Nikatoa leso nikamfuta, sikio moja, kisha la pili, nikavuta kiti nikakaa.